Kusoma Sare: Utambuzi wa Rejimenti ya Askari wa Kiskochi katika Picha ya Vita Kuu ya Kwanza

Utangulizi

Huenda wapo miongoni mwenu wanaojiuliza sketi ya askari wa Uskochi ina uhusiano gani na taaluma za Kiswahili. Jibu langu ni kwamba uhusiano huo umo katika mbinu. Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, aliiona isimu kuwa ni tawi la elimu pana zaidi ya ishara. Ikiwa ni hivyo, basi anayefundishwa kupambanua fonimu anafundishwa pia, pasipo kujua, kuisoma sare. Mhadhara huu unakusudia kueleza jinsi picha ya zamani ya askari asiye na jina inavyoweza kusomwa hadi rejimenti yake ijulikane, na kuonyesha mahali ambapo usomaji huo unapaswa kukoma.

Jambo lenyewe si mchezo wa wakusanyaji wa vitu vya kale. Katika makaburi ya vita ya Ufaransa na Ubelgiji mna mawe mengi ambayo hayana jina la mtu, bali yana jina na nembo ya rejimenti tu. Waliouzika mwili hawakumjua marehemu, ila waliikuta beji au kipande cha sare. Kwa maiti hao, rejimenti ndiyo nusu ya jina iliyosalia. Na kwa jamaa mwenye picha isiyo na maandishi, rejimenti ndiyo mlango wa kuingilia kwenye orodha za majeshi. Akiukosea mlango huo, atamlilia mtu asiye wake.

Sare kama mfumo wa tofauti

Msingi wa kwanza ni kwamba ishara haina thamani peke yake. Thamani yake hutokana na kutofautiana na ishara nyingine za mfumo uleule. Wakati wa vita vya 1914–1918, Uskochi ilikuwa na rejimenti kumi za askari wa miguu, tukiwaacha kando Scots Guards. Nne zilikuwa za Nyanda za Chini: Royal Scots, Royal Scots Fusiliers, King's Own Scottish Borderers na Cameronians. Sita zilikuwa za Nyanda za Juu: Black Watch, Highland Light Infantry, Seaforth Highlanders, Gordon Highlanders, Cameron Highlanders na Argyll and Sutherland Highlanders.

Swali la kwanza la msomaji huhusu kiunoni: je, askari amevaa kilti au suruali? Rejimenti za Nyanda za Chini zilivaa suruali. Zile za Nyanda za Juu zilivaa kilti, isipokuwa Highland Light Infantry. Hata hivyo, kanuni hii, kama kanuni nyingi za sarufi, ina vighairi. Batalioni ya 9 ya Royal Scots ilivaa kilti, na batalioni ya 9 ya Highland Light Infantry, iliyojulikana kama Glasgow Highlanders, ilifanya vivyo hivyo. Aidha, kulikuwa na London Scottish na Liverpool Scottish, pamoja na vikosi vya kilti vya Kanada na Afrika Kusini. Kwa hiyo kilti hupunguza uwezekano, lakini haithibitishi neno.

Swali la pili huhusu kofia. Ile kofia ndefu iliyokunjwa, iitwayo glengarry, ilikuwa na ukanda wa mirabaraba katika baadhi ya rejimenti, na katika nyingine haikuwa nao. Katika rejimenti tano za kilti, Black Watch na Cameron Highlanders walivaa kofia isiyo na ukanda huo. Argyll walikuwa na mirabaraba ya rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Seaforth na Gordon walikuwa na ya rangi tatu. Kuanzia mwaka 1915 kofia pana ya kaki ilianza kushika nafasi ya glengarry vitani, na kwa hiyo kofia hutueleza wakati pamoja na kundi.

Jozi mlinganuo finyu

Beji ya kofia ndiyo kipashio chenye uzito mkubwa kuliko vyote. Baragumu na nyota huashiria Cameronians. Guruneti liwakalo moto huashiria Royal Scots Fusiliers. Ngome huashiria King's Own Scottish Borderers. Tembo aliyemo katika beji ya Highland Light Infantry ni kumbukumbu ya vita vya Assaye, India, mwaka 1803. Nguruwe mwitu na paka mwitu, ndani ya duara kubwa, ni wa Argyll.

Ugumu huanza pale ishara mbili zinapokaribiana. Seaforth na Gordon wote walivaa kichwa cha ayala, yaani kulungu dume wa Ulaya. Hapa tuna jozi mlinganuo finyu kamili. Ayala wa Gordon hutokeza juu ya taji dogo na kuzungukwa na shada la majani. Ayala wa Seaforth hana shada. Pembe zake zi wazi, na chini yake upo utepe wenye maneno ya Kigaeli. Katika picha iliyofifia maneno hayasomeki, lakini umbo la nje huonekana: moja limefungwa kwa shada, jingine liko wazi. Sifa hiyo moja pambanufu hutosha kutenganisha rejimenti mbili.

Pale upambanuzi unapofifia

Wataalamu wa hati za kale za Kiswahili watakielewa upesi kikwazo kinachofuata. Katika hati za Kiarabu zilizotumiwa na washairi wetu, alama moja ilisimama kwa irabu i na e, na nyingine moja kwa u na o. Tofauti iliyokuwapo kinywani ilipotea katika maandishi, na msomaji akairejesha kwa muktadha. Kamera ya zama hizo nayo ilikuwa na upungufu wake. Kemikali za filamu nyingi za wakati huo hazikuuhisi wekundu, na kwa hiyo rangi nyekundu ilitoka karibu nyeusi. Manjano nayo ilififia kuwa nyeusi zaidi kuliko macho yaionavyo, ilhali buluu ilitoka nyeupe kupita kiasi.

Matokeo yake ni makubwa. Tartani ya Black Watch ni ya kijani na buluu iliyokoza, isiyo na mstari wa rangi nyingine. Ya Gordon ni hiyohiyo iliyoongezewa mstari wa manjano. Mstari huo ukimezwa na filamu, Gordon hugeuka Black Watch machoni petu. Mstari mweupe wa Seaforth, kinyume chake, huonekana dhahiri. Ndiyo maana haifai kutoa hukumu kwa kitambaa peke yake, hasa kwa kuwa vitani kilti ilifunikwa kwa aproni ya kaki.

Begani na mikononi

Msomaji makini hushuka kutoka kofiani hadi begani, ambako nembo ya chuma huandika jina la rejimenti. Herufi T juu ya tarakimu huonyesha batalioni ya jeshi la akiba lililoundwa mwaka 1908. Mikono ya koti nayo ina tarehe zake. Mstari wa wima wa chuma kwenye mkono wa kushoto, uliotolewa kuanzia mwaka 1916, huhesabu majeraha. Alama ndogo za pembe kwenye mkono wa kulia, zilizoanza mwaka 1918, huhesabu miaka ya utumishi ng'ambo. Ya kwanza ikiwa nyekundu, mwenyewe alikwishavuka bahari kabla ya mwaka 1914 kwisha. Picha yenye alama hizo haiwezi kuwa ya mwaka 1915, hata kama familia husimulia hivyo.

Mipaka ya ushahidi

Picha hushuhudia siku moja tu. Askari aliyejeruhiwa mara nyingi alipona akapelekwa rejimenti nyingine, na huenda akafa akiwa na beji asiyopigwa nayo picha. Nyaraka ambazo zingetatua shaka hiyo nazo zilipungua: mnamo Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la London, na zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa vita hivyo yakateketea. Kwa sababu hiyo ninawasihi wanafunzi watumie daraja tatu ambazo lugha yetu imekwisha kuzipambanua: yakini, yamkini na dhana. Nembo ya bega inayosomeka hutupa yakini kuhusu siku ile ya picha. Umbo la beji lisilo na maneno hutupa yamkini. Tartani iliyofifia ni dhana tu, na dhana haichongwi juu ya jiwe.

Hitimisho

Katika vita vya Loos, Septemba 1915, askari wengi wa Kiskochi walikufa, na mnara uliopo huko una majina zaidi ya 20,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Hao walau wana majina ukutani. Kwetu, vita hivyohivyo vilituachia neno Keya, kutokana na kifupisho cha jeshi la King's African Rifles lililoundwa mwaka 1902, na jina Kariakoo, kutokana na kikosi cha wapagazi. Maneno yamebaki, ilhali wengi wa waliobeba mizigo hiyo hawana kaburi linalojulikana wala jina lililochongwa. Picha za babu zetu waliovaa sare zingali zimo katika masanduku ya familia na katika makavazi. Kazi ya kuzisoma inadai kile kile tunachokidai katika fonolojia: kuzijua ishara zote za mfumo, kuitafuta tofauti iliyo ndogo kuliko zote, na kutosema zaidi ya ushahidi ulivyosema. Ni kazi inayowangoja wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa maswali yatakayoulizwa kwa wazee wenye masanduku hayo yataulizwa kwa lugha hii.