Mpira wa Mkojo kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Leo tunamzungumzia mtu aliyeumia uti wa mgongo. Hapa Rongo tunawajua: kijana aliyeanguka na bodaboda kwenye barabara ya Kisii kwenda Migori, au aliyeanguka kutoka juu ya mti. Akitoka hospitali huja na mpira wa mkojo na mfuko wake, na kazi ya muuguzi inabaki mikononi mwako.

Uti wa mgongo hupeleka habari kati ya ubongo na kibofu. Ukiumia, mgonjwa huenda asijue kibofu kimejaa, wala asiweze kukojoa mwenyewe. Mpira humsaidia, lakini pia ni njia ya viini. Hupanda kwenye mpira hadi kibofuni, na mara nyingine hufika kwenye figo.

Kwa hiyo anza na mikono. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla na baada ya kugusa mpira. Kibuyu chirizi kikiwa karibu na mlango, hutasahau. Msafishe sehemu za siri, na mpira pale unapoingia mwilini, kwa maji safi na sabuni kila siku na kila baada ya haja kubwa. Mwanamke mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Mwanamume ambaye hajatahiriwa, vuta govi nyuma, safisha, kisha lirudishe mahali pake. Usipake Dettol wala spiriti.

Nilimtembelea mama mmoja aliyekuwa akiuficha mfuko kitandani, ndani ya blanketi, kwa kuwaonea haya wageni. Nilimwelewa. Lakini mfuko ukilingana na kibofu au ukiwa juu yake, mkojo hurudi ndani pamoja na viini. Tuliufunika kwa kipande cha leso, tukauning'iniza kwenye ubavu wa kitanda, chini ya kibofu na bila kugusa sakafu. Wageni hawakuona kitu.

Umwage mkojo kabla mfuko haujajaa, ukifika theluthi mbili hivi, na mdomo wake usiguse chombo. Usiuchomoe mfuko kwenye mpira ovyo ovyo. Hakikisha mgonjwa hajaulalia mpira wala haujajikunja.

Kuna walezi wanaompunguzia mgonjwa maji ili mfuko usijae haraka. Hapo, mama, unajitafutia kazi kubwa zaidi. Mwenye mpira wa kukaa ndani anywe lita 2 hadi 3 za maji salama kwa siku, isipokuwa daktari amemwekea kiasi kingine.

Muulize muuguzi tarehe ya kubadilisha mpira, uiandike. Usiuvute wala kuukata, kwa maana ndani umeshikwa na puto la maji. Uliza pia kama mgonjwa wako anaweza kufundishwa kuingiza mpira mwembamba, kutoa mkojo na kuuondoa, kila saa 4 hadi 6. Mwaka 1972 Dkt. Jack Lapides na wenzake wa Michigan, Marekani, walieleza kuwa usafi wa kawaida unatosha kwa njia hii, na kwa wengi huleta maambukizi machache kuliko mpira unaokaa ndani.

Sasa hapa sikiliza vizuri. Mgonjwa huyu huenda asisikie uchungu wowote. Tazama homa, kutetemeka, misuli kukakamaa kuliko kawaida, damu kwenye mkojo, au mkojo kuvuja kando ya mpira. Ukiona haya, mpeleke apimwe. Lakini mkojo kuwa na mawingu au harufu tu, hali yeye ni mzima, si sababu ya kukimbilia duka la dawa. Mwenye mpira wa kukaa ndani karibu kila mara ana viini kwenye mkojo, na dawa zisizohitajika hufanya viini visisikie dawa siku atakapougua kweli.

Aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo, akipatwa ghafla na maumivu makali ya kichwa na jasho usoni, huenda mpira umeziba na presha inapanda. Mkalishe wima, umlegeze nguo, unyooshe mpira. Mkojo usipotoka, au kichwa kisipotulia, tafuta gari usiku huo huo, na ukifika mwambie daktari kwanza habari ya mpira.