Petro alitolewa gerezani, Yakobo je?

Sura ya 12 ya Matendo ya Mitume ina kisa kinachohubiriwa sana makanisani kwetu, hasa kwenye mikesha. Petro yumo gerezani Yerusalemu. Mfalme Herode Agripa amemkabidhi kwa vikosi vinne vya askari wanne wanne, na usiku huo amelala katikati ya askari wawili, kafungwa minyororo miwili. Malaika anaingia, chumba kinajaa nuru, Petro anapigwa ubavuni aamke. Minyororo inaanguka. Wanapita lindo la kwanza, wanapita la pili, lango la chuma linafunguka lenyewe, na mara mtume anajikuta njiani peke yake.

Wahubiri wengi huanzia mstari wa 5, kanisa linapomwombea Petro kwa bidii. Natamani waanzie mstari wa 2. Hapo Luka anaeleza kwa sentensi moja tu kwamba Herode alimuua kwa upanga Yakobo, ndugu yake Yohana. Mitume wawili, mfalme mmoja, kipindi kilekile cha mateso. Huyu akachinjwa, huyu akafunguliwa. Luka hasemi kwamba Yakobo alipungukiwa imani. Hasemi kwamba kanisa lilisahau kumwombea. Hatoi sababu yoyote, na mimi naamini alinyamaza kwa makusudi.

Tunauhitaji ukimya huo, kwa kuwa habari za malaika na ulinzi wa Mungu ziko nasi kila siku. Zaburi ya 91 imebandikwa kwenye vioo vya daladala, imeandikwa juu ya milango ya maduka, na mama huisoma kichwani pa mtoto anayeondoka kwenda shule ya bweni. Ni jambo jema. Zaburi hiyo iliandikwa na mtu anayezijua hatari kwa majina yake: tauni, mshale, hofu ya usiku, simba na nyoka. Waliotutangulia nao waliikimbilia. Katika magombo yaliyopatikana mwaka 1956 kwenye pango la Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, imewekwa pamoja na nyimbo za kufukuza pepo. Huko Misri, Wakristo wa karne za mwanzo waliinakili kwenye vipande vya mafunjo wakavivaa mwilini kama hirizi.

Hapo kwenye hirizi ndipo pa kuangalia. Katika Injili, anayenukuu ahadi ya malaika iliyomo katika zaburi hiyo ni Ibilisi. Mathayo 4 inasimulia jinsi alivyompandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajirushe, kwa kuwa imeandikwa kwamba malaika watamchukua mikononi. Akakomea hapo, kabla ya mstari unaofuata, ule unaosema nyoka atakanyagwa. Yesu hakubishana naye juu ya zaburi. Alimjibu kwa agizo la Kumbukumbu la Torati 6, linalokataza kumjaribu Mungu. Na jaribu lilipokwisha, malaika walikuja kweli wakamhudumia. Ahadi ilikuwa ya kweli tangu mwanzo. Alichokikataa ni kuigeuza kuwa njia ya kumlazimisha Baba.

Usiku wa kukamatwa kwake mambo yalikuwa mazito zaidi. Alimwambia mwanafunzi aliyechomoa upanga kwamba angeweza kumwomba Baba akampa zaidi ya majeshi kumi na mawili ya malaika. Kwa hesabu ya Warumi, jeshi moja la namna hiyo lilikuwa na askari wapatao 5,000 au zaidi. Hakuomba. Luka anamtaja malaika mmoja tu aliyemtokea mlimani, naye hakukiondoa kikombe, ila alimtia nguvu akinywe. Sijui fundisho lingine juu ya malaika linalonigusa kama hili. Mara nyingi tunaomba njia ya kutokea, na tunapewa nguvu ya kupita katikati.

Waraka kwa Waebrania unawaeleza malaika kuwa ni roho watumikao, waliotumwa kwa ajili ya watu watakaourithi wokovu. Maana yake hawajitumi, wala hawatumwi na sisi. Katika Ufunuo malaika anakataa kuabudiwa na Yohana na kumwelekeza kwa Mungu. Wakatoliki huwakumbuka Malaika Walinzi kila Oktoba 2, na Martin Luther, katika sala za asubuhi na jioni alizoziweka kwenye Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha waumini kumwomba Mungu malaika wake mtakatifu awe pamoja nao. Katika sala hizo za Luther ombi linapelekwa kwa Mungu mwenyewe.

Swali la Yakobo liko kwetu pia. Februari 1, 2020, katika Uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Siwataji ili kuwalaumu. Walikuwa na shida za kweli na walikuja kumtafuta Mungu. Ninaloumia nalo ni maneno yanayofuata misiba ya namna hii, na hata ile midogo ya ajali za barabarani: kwamba marehemu alikuwa na mlango wazi, kwamba hakufunikwa, kwamba nyumbani kwake kuna jambo. Mjane anayasikia hayo akiwa bado amekaa kwenye mkeka wa matanga. Anayeyasema hajaisoma Waebrania 11, ambapo mashujaa wa imani wanapangwa pamoja: mstari wa 34 wako waliookoka na makali ya upanga, mstari wa 37 wako waliouawa kwa upanga. Wote wanashuhudiwa kwa imani ileile. Wale vijana watatu wa Babeli nao, kabla ya kutupwa tanuruni, walimwambia Nebukadreza kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na hata asipowaokoa hawataisujudia sanamu yake.

Habari ya Paulo baharini, katika Matendo 27, inakamilisha picha. Malaika anamhakikishia usiku kwamba hakuna atakayekufa, ingawa merikebu itapotea. Pamoja na ahadi hiyo, Paulo anawazuia mabaharia wasitoroke na mashua, anawahimiza watu wale chakula, na shehena ya ngano inatupwa majini. Watu 276 wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Dereva aliyebandika Zaburi ya 91 akaacha breki bila kukaguliwa angefaa asomewe sura hii yote.

Huko Malta, kisiwa walichofikia, Paulo anaokota kuni na nyoka anamng'ata mkononi. Wenyeji wanaamua kwamba ni muuaji. Ameponea baharini lakini haki imemfuata. Wanamtazama avimbe au aanguke, havimbi, basi wanageuka kusema ni mungu. Walihukumu mara mbili kwa kuangalia kilichompata mtu, na mara zote mbili walikosea. Paulo alimkung'utia nyoka motoni, na baadaye akaenda kumwekea mikono baba yake Publio, aliyekuwa kitandani kwa homa na kuhara damu.