Aina Kuu za Mifumo ya Usimamizi wa Kanzidata: Mtazamo wa Leksikografia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Kamusi ni kanzidata iliyoitangulia kompyuta. Kidahizo, kategoria ya kisarufi, ngeli, maana na mfano wa matumizi ni taarifa ambazo kila moja ina mahali pake maalumu katika ukurasa, na msomaji huzipata kwa kufuata utaratibu anaoujua, yaani alfabeti. Kadi za wanaleksikografia zinapohamishiwa katika kompyuta, uamuzi kuhusu mfumo utakaotumika aghalabu huachiwa fundi, kana kwamba ni suala la kuchagua kabati. Makala haya yanajadili aina kuu za mifumo ya usimamizi wa kanzidata na kutoa hoja kwamba uamuzi huo, kwa sehemu kubwa, ni wa kiisimu. Kila aina ya mfumo ina dhana yake kuhusu namna taarifa zinavyohusiana, na maswali yasiyolingana na dhana hiyo huwa magumu kuulizwa, hata kama data yenyewe imo.

Kabla ya kuendelea, inafaa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa. Kanzidata ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa. Mfumo wa usimamizi ni programu inayozihifadhi, kuzilinda, kuzisahihisha na kuzitoa zinapoulizwa. Makala haya yanahusu hiyo ya pili.

2.0 Mti na Mtandao

Mifumo ya awali ilizaliwa viwandani. Mapema katika miaka ya 1960 Charles Bachman alibuni mfumo wa IDS katika kampuni ya General Electric, na mwaka 1966 kampuni ya IBM, ikishirikiana na Rockwell na Caterpillar, ilianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa IMS ili kufuatilia vipuri vya chombo cha Apollo. IMS ni mfumo wa ngazi. Data hupangwa kama mti: kila rekodi ina mzazi mmoja tu, na mzazi huweza kuwa na watoto wengi. Injini ina pampu, pampu ina vali, vali ina skrubu.

Mpangilio huu si mgeni kwa wasomi wa Kiswahili. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliorodhesha vitenzi vilivyonyambuliwa chini ya kitenzi cha msingi, hivyo kwamba atafutaye pigana au pigisha hana budi kuanzia piga. Huo ni mti kamili. Faida yake ni kwamba ukoo wa neno huonekana mahali pamoja. Hasara yake hujitokeza pale neno linapokuwa na wazazi wawili. Garimoshi ni mtoto wa gari au wa moshi? Batamzinga awekwe chini ya bata au chini ya mzinga? Katika mti mtupu neno ambatani hulazimishwa kumkana mzazi mmoja, au liandikwe mara mbili na kuhatarisha kutofautiana kwa nakala zake. IBM yenyewe ilibidi iongeze viungo vya kimantiki katika IMS ili kukwepa kikwazo cha namna hii.

Mfumo wa mtandao, ambao misingi yake ilitolewa katika ripoti za kamati ya CODASYL za mwaka 1969 na 1971, uliruhusu rekodi moja kuwa na wazazi wengi. Garimoshi lilipata haki yake. Hata hivyo, mwandishi wa programu alipaswa kujua kila njia ya kupita kutoka rekodi moja hadi nyingine. Njia zilipobadilishwa, programu zilizozitegemea nazo zilibidi kuandikwa upya.

3.0 Jedwali

Tatizo hilo ndilo lililomshughulisha Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyefanya kazi IBM. Katika makala yake ya mwaka 1970 alipendekeza kwamba data ihifadhiwe katika majedwali yanayotokana na dhana ya uhusiano katika nadharia ya seti, na kwamba mtumiaji aseme anachotaka bila kueleza njia ya kukifikia. Donald Chamberlin na Raymond Boyce walibuni lugha ya maulizo ya SEQUEL mwaka 1974. Lugha iliyotokana nayo, SQL, ilifanywa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986 na ingali ikitumika duniani kote.

Katika mfumo wa mahusiano, kila safu mlalo hutambuliwa kwa ufunguo. Hapa swali la kwanza la kiisimu hujitokeza: ufunguo wa neno ni nini? Hauwezi kuwa neno lenyewe, kwa kuwa kaa ni kitenzi, ni mnyama wa pwani, na ni kipande cha kuni kinachowaka. Kila leksimu haina budi kupewa namba yake. Fundi anaweza kutoa namba, lakini hawezi kuamua kama kaa ni leksimu tatu au moja yenye maana tatu. Uamuzi kuhusu homonimia na polisemia unapaswa kutangulia jedwali.

Nguvu kubwa ya mfumo huu imo katika urekebishaji wa majedwali, yaani kanuni kwamba kila taarifa iandikwe mahali pamoja tu, na itegemee ufunguo wake wala si kitu kingine. Chukua suala la ngeli. Tuseme kamusi ina maelfu ya nomino, na kila moja imeandikwa jina la ngeli yake. Wahariri wakiamua kuacha namba za kimapokeo, kama 7/8, na kutumia KI-VI, maelfu ya rekodi yatahitaji kusahihishwa, na zitakazosahauliwa zitabaki zikipingana na nyenzake. Ngeli zikiwa na jedwali lake, na nomino ikibeba rejea tu, sahihisho moja latosha.

Lakini kanuni hiyohiyo hufichua jambo zito zaidi. Kiboko, kifaru na kipepeo vina viambishi vya ki-/vi- katika umbo, ilhali katika sentensi husemwa kiboko amelala, viboko wamelala. Uga mmoja ulioitwa "ngeli" unachanganya taarifa mbili zisizotegemeana: ngeli ya kimofolojia na ngeli ya upatanisho wa kisarufi. Mjadala wa muda mrefu baina ya wanaozianisha ngeli kwa viambishi na wanaozianisha kwa upatanisho unageuka hapa kuwa suala la idadi ya nyuga. Mwenye nyuga mbili anaweza kuagiza: toa nomino zote zenye ki- katika umbo lakini a- katika upatanisho. Mwenye uga mmoja amekwisha kuchagua upande katika mjadala, pengine bila kujua, na data yake haitaweza kumpinga.

Vivyo hivyo kwa lahaja. Njia ya Kiunguja ni ndia katika Kimvita. Lahaja moja ina maneno mengi, na umbo moja huweza kutumika katika lahaja nyingi. Uhusiano wa wengi kwa wengi huhitaji jedwali la tatu la kuunganisha. Ukikosekana, lahaja huishia kuwa maelezo ya mabanoni, yasiyoweza kuhesabiwa.

4.0 Kitu na Kanuni

Katika miaka ya 1980 ilitokea mifumo ya vitu, mfano GemStone na O2, ambayo ilihifadhi data pamoja na taratibu za kuitendea. Kwa lugha ya minyambuliko wazo hili lavutia. Kundi la vitenzi hubeba kanuni ya usawazisho wa irabu: mzizi wenye a, i au u huchukua -i- (andikia, pigia, fungia), wenye e au o huchukua -e- (letea, somea). Vitenzi vya silabi moja hurithi kanuni za kundi kuu na kuongeza zao. Hakuna haja ya kuhifadhi kila umbo. Ila kanuni huzaa umbo, haizai maana: onya imetokana na ona, lakini si "kufanya mtu aone" tu. Mifumo hii haikuenea sana kibiashara. Mawazo yake kadhaa yalichukuliwa na mifumo ya mahusiano, hasa Postgres iliyoanzishwa Berkeley mwaka 1986.

5.0 Baada ya Jedwali

Ukubwa wa data za intaneti ulileta aina nyingine. Makala ya Google kuhusu Bigtable (2006) na ya Amazon kuhusu Dynamo (2007) yalieleza mifumo inayogawa data katika kompyuta nyingi sana. Gharama yake ilikwisha kuelezwa na Eric Brewer mwaka 2000 na kuthibitishwa na Seth Gilbert na Nancy Lynch mwaka 2002: mawasiliano baina ya kompyuta yakikatika, mfumo huchagua ama kulinda uwiano wa data ama kuendelea kumjibu kila anayeuliza. Kwa kamusi, ambayo hata ikiwa kubwa hutosha katika kompyuta moja ya kawaida, sababu ya kulipa gharama hiyo ni ndogo.

Mifumo ya nyaraka, kama MongoDB ya mwaka 2009, huhifadhi kila kitomeo kama waraka mzima wenye umbo lake. Ni rahisi kuanza nayo, maana kitomeo cha na ni kirefu na cha garimoshi ni kifupi, na hakuna uga unaobaki mtupu. Urahisi huo ndio hatari yake: jina la ngeli hurudi kuandikwa katika kila waraka. Mfumo huu wafaa kwa kuchapisha kamusi iliyokamilika kuliko kwa kuihariri.

Mifumo ya grafu, kama Neo4j, yastahili kuangaliwa zaidi. Humo kila leksimu ni kifundo, na kila uhusiano ni kiungo chenye jina: pata huzaa patana, patana huzaa patanisha, patanisha huzaa mpatanishi, na mpatanishi ni kisawe cha msuluhishi, ambaye naye ana ukoo wake. Mnyororo hauna urefu maalumu. SQL imeweza kuufuata tangu kiwango cha mwaka 1999 kilipoingiza maulizo ya kujirudia, ingawa kwa maandishi mazito. Katika grafu ulizo hilo ni jepesi, na tangu mwaka 2024 kuna lugha yenye kiwango cha kimataifa, GQL. Kwa sura, huu ni mtandao wa Bachman uliorejea, ila sasa mtafiti hutaja muundo anaoutafuta, na mfumo wenyewe hutafuta njia.

Kwa hiyo, data za msingi za kamusi ya Kiswahili, yaani maumbo, ngeli zote mbili, maana na lahaja, zina mahali salama zaidi katika majedwali, na grafu ya minyambuliko na visawe yaweza kuzalishwa kutokana nayo. Kinyume chake ni kigumu zaidi: waraka ambamo ngeli mbili ziliandikwa kama moja hauwezi kutenganishwa na programu yoyote, ila na msomi atakayepitia nomino moja baada ya nyingine.