Chokaa bwawani: Pima maji kabla ya kununua mfuko

MFUGAJI wa samaki wa Mashewa, wilayani Korogwe, anayemwaga samadi bwawani kila wiki na maji yake yakabaki maangavu kama ya kisima, huenda anatupa mbolea bure. Ile rangi ya kijani, ambayo ndiyo chakula cha kwanza cha perege, haiji, na kuongeza samadi hakutaileta. Mara nyingi kinachokosekana ni chokaa.

Maji yanayoshuka kutoka milima ya Usambara hupita kwenye miamba ya kale isiyo ya chokaa na kwenye udongo uliooshwa na mvua nyingi. Hufika bondeni yakiwa na kalsiamu kidogo na alkali kidogo. Tope lenye tindikali huishika fosfeti ya mbolea, mwani ukakosa lishe. Tena maji ya namna hiyo hayatulii. Alasiri mwani unapovuta hewa ya ukaa, pH hupanda; alfajiri hushuka. Samaki anayeyumbishwa hivyo kila siku hakui vizuri, hata akilishwa pumba za kutosha.

Wataalamu wa mabwawa huweka mpaka kwenye miligramu 20 za alkali kwa lita, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Chini ya hapo, bwawa linahitaji chokaa.

Tatizo ni kwamba dukani neno chokaa lina maana tatu. Kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, ambayo ni chokaa ya kilimo. Kuna chokaa iliyochomwa. Na kuna iliyozimwa kwa maji, ile ya kupaka kuta. Kilo 100 za mawe safi yaliyosagwa hufanya kazi sawa na kilo 74 za iliyozimwa, au kilo 56 za iliyochomwa. Kwa hiyo anayesafirisha mzigo kutoka mbali asilinganishe bei ya mfuko kwa mfuko. Aligawe jumla ya bei na usafiri kwa kazi itakayofanyika.

Kwa hesabu hiyo iliyochomwa huonekana rahisi, na ndipo wengi wanapoponzeka. Hiyo, pamoja na ile ya kupaka, hupandisha pH ghafla na inaweza kuua samaki siku hiyohiyo. Mahali pake ni bwawa tupu, na vifaranga wasubiri mpaka pH ishuke chini ya 9. Mwenye samaki tayari bwawani anunue ya kilimo, hata kama usafiri unauma.

Bwawa la mita za mraba 300, kwa kiwango cha tani mbili kwa hekta, hutaka kilo 60 za chokaa ya kilimo. Isambazwe chini kabla ya kujaza maji. Samadi na mbolea ya fosfeti zisubiri kama wiki mbili, maana kalsiamu nayo huikamata fosfeti ikiikuta mapema. Na mfereji ufungwe! Maji yakiachwa yapite mchana na usiku, chokaa ya mfugaji itamnufaisha jirani wa chini.

Wapo wanaoshauriwa kutumia magadi kwa sababu ni rahisi kupatikana. Magadi huongeza alkali bila kalsiamu, na maji yenye alkali nyingi na kalsiamu chache huweza kupanda pH vibaya mno jua likiwaka, wakati ambao amonia ya kinyesi huwa sumu kali zaidi. Jasi, kama ile inayochimbwa Makanya, wilayani Same, hufanya kinyume: huleta kalsiamu, alkali haiongezi. Chokaa ya kilimo huleta vyote viwili kwa pamoja, na ndiyo maana haina mbadala wa maana kwa maji ya mlimani.

Lakini si kila bwawa la Tanga linaihitaji. Visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huwa na kalsiamu na alkali ya kutosha, na chokaa ya kilimo ikimwagwa humo haiyeyuki, hulala chini tu. Anayeiga kipimo cha ndugu yake wa pwani atakosea, sawa na wa pwani atakayeiga cha Mashewa. Wafugaji watano wakichangia kifaa kimoja cha kupimia, gharama kwa kila mmoja huwa ndogo, nacho hupima mabwawa yote kabla ya chokaa na mwezi mmoja baadaye.