Bonde Hili Lina Wenyewe

Mkenya akiitaja milima ya Himalaya, aghalabu huwa na kilele kimoja tu akilini. Mwezi Mei 2022 tulimshangilia James Kagambi alipofika juu ya Everest. Mwezi Mei 2024 tuliomboleza kifo cha Cheruiyot Kirui kwenye mlima huo huo. Hivyo ndivyo tunavyoijua Nepal, kwa ushindi na kwa msiba, na vyote viwili hutukia mahali pasipoishi mtu. Ninayotaka kuyaeleza leo ni ya chini ya hapo, kule ambako watu wanalima viazi, wanafuga, wanazika wafu wao na kumchemshia mgeni chai.

Bonde lenyewe linaitwa Langtang. Liko kaskazini mwa Kathmandu, karibu na mpaka wa Tibet. Kutoka jiji hilo hadi Syabrubesi, mahali barabara ya gari inapomwacha msafiri, ni kama kilomita 120 tu, lakini basi huchukua takriban siku nzima. Aliyewahi kuteremka Tambach kwa matatu wakati wa mvua atapata picha kidogo, kisha aizidishe mara kadhaa. Nilishuka nikiwa nimeshika kiti cha mbele kwa muda mrefu hata vidole vikawa vimekakamaa. Kuanzia hapo ni miguu, na nilifurahi kuitumia.

Njia inafuata mto. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, mianzi na mialoni, na nyani wa kijivu wenye mikia mirefu wakimtazama mpita njia kama askari wa forodha. Kila baada ya saa moja au mbili ya mwendo kuna nyumba ya mawe au mbao, moshi ukitoka, na mwanamke mlangoni akiuliza kama utakunywa kitu. Mgeni humwita didi, yaani dada mkubwa, hata kama ni yeye aliye mkubwa kwa umri. Mwanamume ni dai, kaka. Sikuhitaji kufunzwa mara mbili. Sisi tunaomwita muuza mboga 'mama' bila kumjua jina tunaielewa adabu hiyo mara moja.

Jina 'nyumba ya chai' lisikudanganye, msomaji. Chai ipo, tena ya kila namna, kuanzia ya maziwa na tangawizi hadi ile ya Kitibeti inayotiwa chumvi na siagi, ambayo ulimi wa mtu wa Limuru utahitaji siku tatu kuizoea. Lakini nyumba hiyo ni mkahawa, ni malazi na ni sebule ya familia kwa pamoja. Vyumba vimetengwa kwa mbao nyembamba hivi kwamba jirani akigeuka kitandani unajua amelalia ubavu gani. Kitanda, godoro, blanketi zito, basi. Joto lote la nyumba limo katika chumba cha kulia, ambako jiko la bati huwashwa jioni kwa kuni au kwa kinyesi kikavu cha yaki, wale ng'ombe wa huko wenye manyoya marefu. Wote hulizunguka jiko hilo: mwenye nyumba, mpagazi, mgeni, mtoto na kitabu chake cha hesabu, na mama mzee anayehesabu tasbihi yake ya Kibudha bila kumjali yeyote.

Biashara yenyewe ina hekima niliyoichunguza kwa makini. Kitanda ni karibu bure. Kinacholipa ni chakula, na ndiyo maana ipo sheria ambayo haikuandikwa popote lakini haivunjwi na mwenye haya: ukilala kwa huyu, usiende kula kwa yule. Bei hupanda kadiri unavyopanda, nayo ni haki, kwa kuwa kila kibiriti na kila mtungi wa gesi ulio juu umebebwa na mgongo wa mtu au wa nyumbu. Chakula cha kawaida ni dal bhat, wali kwa mchuzi wa dengu, mboga za majani na achari. Sahani ikipungua huongezwa hadi mlaji mwenyewe aseme basi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko mgeni hapewi jembe, anaandikiwa hesabu daftarini. Lakini hadi siku ya kuondoka hakuna amwombaye senti, na niliona kuwa huo nao ni ukarimu.

Kuna neno la kuchekesha hapo. Kituo cha kwanza cha kulala, kwenye kimo cha takriban mita 2,400, kinaitwa Lama Hotel. Si jina la hoteli moja, ni jina la mahali, na hoteli zenyewe ni kadhaa. Nairobi tunayo mazoea hayo hayo, ambapo duka hufungwa likasahaulika lakini makanga wakaendelea kuliita kituoni miaka na miaka. Na Wanepali, kama sisi, wakisema 'hoteli' mara nyingi humaanisha pahali pa kula. Hata fedha zao, rupia na paisa, si ngeni kwetu. Rupia ilikuwa sarafu ya Kenya hadi mwaka 1920, na neno letu 'pesa' limezaliwa na paisa hiyo. Nilipoagiza chapati na chai katika bonde la Himalaya, nilizipata bila mkalimani.

Siku ya pili msitu hupungua na bonde hupanuka. Kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya sala zimejengwa katikati ya njia, na desturi ni kuzipita ukiziacha upande wako wa kulia. Wakazi ni Watamang na watu wa asili ya Kitibeti. Mwisho wa njia ni Kyanjin Gompa, kwenye mita zipatazo 3,850, chini ya kilele cha Langtang Lirung kinachozidi mita 7,200. Ukiuchukua Batian wetu wenye mita 5,199 ukauweka kando yake, ungesalia kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya kichwa chake. Kyanjin pana kiwanda kidogo cha jibini ya maziwa ya wanyama hao, kilichoanzishwa miaka ya 1950 kwa msaada wa Waswisi. Jibini hiyo ni ngumu na nzuri.

Mwaka 1949 alifika katika bonde hili Mwingereza H. W. Tilman, miongoni mwa wageni wa kwanza wa Magharibi walioruhusiwa kulipima na kulieleza. Tilman alikuwa amekuja Kenya baada ya Vita Vikuu vya Kwanza akapewa shamba karibu na Sotik, ardhi ambayo haikuwa yake wala ya aliyempa. Mwaka 1930 yeye na Eric Shipton, yule ambaye jina lake limebaki kwenye kambi yetu ya mlimani, waliupanda Mlima Kenya kwa ukingo wa magharibi. Ndipo akaenda Himalaya. Huko Langtang alifuatana na Tenzing Norgay, ambaye miaka minne baadaye angekuwa na Hillary juu ya Everest.

Mwaka huo huo wa 1949 Mlima Kenya ulitangazwa kuwa mbuga ya taifa. Langtang ilisubiri hadi mwaka 1976. Tofauti ninayotaka tuitazame ni hii: mbuga ya Langtang ilitangazwa vijiji vikiwa ndani yake, navyo vikabaki. Mgeni hulipa kiingilio cha serikali langoni, rupia 3,000, lakini kila kijiko cha wali baada ya hapo hukilipa kwa mwenye bonde. Desturi ya mbuga zetu ni kwamba mtu akae nje ya ua na mnyama ndani, na mtu huyo akitaka kula kutokana na mlima, abebe mzigo wa mgeni kwa ujira wa kutwa. Najua jibu litakalotolewa: hakuna aliyewahi kuishi katika bonde la Teleki, na baridi ya huko haina jamaa. Ni kweli, wala sipendekezi tujenge mikahawa kule juu. Lakini miguuni pa mlima, Chogoria, Naro Moru na Sirimon, kuna watu. Ni wageni wangapi wanaolala kwao kabla ya kupanda, wakala ugali wao na kulipia? Wengi hupita ndani ya gari la kampuni, chakula kimefungwa Nairobi.

Sasa nije kwenye jambo lililo gumu zaidi kulisema. Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Aprili 2015, kabla tu ya adhuhuri, Nepal ilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 7.8. Karibu watu 9,000 walikufa nchini humo. Juu ya kijiji cha Langtang, theluji, barafu na miamba viliporomoka kutoka mlimani vikakifunika kijiji chote. Upepo uliosukumwa na maporomoko hayo uliilaza miti ya ng'ambo ya mto. Kijijini na kandokando yake walikufa zaidi ya watu 300, wenyeji, wapagazi na wageni. Nyumba moja ilisalimika, ile iliyokuwa imejibanza chini ya mwamba. Walionusurika walichukuliwa kwa helikopta hadi Kathmandu, wakaishi kambini miezi mingi.

Wakarudi. Langtang mpya imejengwa kando ya kifusi, na sehemu kubwa yake ni nyumba za chai. Njia ya mguu hupita juu ya kifusi chenyewe, uwanja mpana wa mawe ya kijivu usio na kelele, na mpita njia anajua anakanyaga paa za watu. Upo ukuta wa ukumbusho wenye majina ya waliokufa. Wako wanaosema kwamba ni aibu kuuza chai na kupiga picha juu ya kaburi. Nilimuuliza mama aliyenipangisha chumba, kwa uangalifu, kama wageni hawamkeri. Akasema kisichomkera ni kuulizwa. Kinachomkera ni mtu kupita mbio kwenda Kyanjin bila kusimama. Alikuwa amepoteza jamaa wa nyumba nzima. Akaongeza kwamba nyumba aliyonilaza ilijengwa kwa mkopo, na mkopo haulipwi kwa machozi.

Mimi nasimama upande wake. Anayekaa nyumbani kwa heshima ya wafu wa Langtang hawasaidii walio hai. Nilipokuwa nikiyasoma majina yale ukutani niliwakumbuka watu wa Pokot Magharibi waliofukiwa na maporomoko mwezi Novemba 2019, na wale wa Mai Mahiu waliosombwa usiku wa Aprili 2024. Kila mkasa uliua makumi ya watu. Nikajaribu kulikumbuka jina la mmoja wao, nikashindwa, na sidhani kwamba wengi wenu mngefaulu.

Kuhusu afya nitasema machache. Kyanjin hewa ina chini ya thuluthi mbili ya oksijeni anayoivuta mtu wa Mombasa. Kichwa kikiuma na chakula kikakataliwa, hupandi tena. Hali ikizidi, unashuka usiku huo huo, kwa kuwa mapafu hujaa maji na ubongo huvimba, na ujana si kinga. Tangu Aprili 2023 Nepal inamtaka mgeni awe na kiongozi wa njia mwenye leseni. Wengine wamelalamika, mimi naona ni ajira na ni usalama.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jingine. Karibu kila nyumba niliyolala ilikuwa na wazee, mabinti wachache na picha ukutani ya kijana aliye Qatar, Malaysia au Japani. Nepal huishi kwa jasho la vijana wake walio ng'ambo. Fedha wanazotuma ni kama robo ya pato la taifa. Katika mabweni ya Doha Mnepali na Mkenya hulala kitanda juu ya kitanda, wakijenga miji ya watu wengine. Mama yule wa Langtang ana wana wawili, mmoja Ghuba na mwingine masomoni Kathmandu. Asubuhi ya kuondoka alinihesabia daftarini kwa penseli: vikombe sita vya chai, dal bhat mara tatu, chapati, kuchaji simu mara moja. Kitanda hakukiandika. Nilimuuliza ni nani kati ya wanawe atakayekuja kuishika nyumba. Akasema yule wa Ghuba amemtumia fedha za kuongeza vyumba vinne, lakini hajasema lini atarudi.