Zebaki Chini ya Dhahabu

Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham, alimwandikia mkewe, kwa furaha isiyofichika, kwamba Malkia Charlotte alimwita faraghani, akamwonyesha rafu ya meko yake, akamwuliza vyombo vingapi vya jiwe vingetosha kuipamba, kwani vile vya kauri vingeondolewa vyote.

Jiwe lenyewe, floraiti ya Castleton katika Derbyshire, lina milia ya zambarau na manjano, nalo ni dhaifu hata hupashwa moto na kunyweshwa utomvu kabla ya kutiwa kwenye kerezo. Boulton alinunua tani 14 mwaka 1769. Vingi katika vyombo vyake vilikuwa vyetezo, vifuniko vimetobolewa ili harufu ipande. Vingine, kifuniko kikipinduliwa, huwa kinara cha mshumaa.

Jiwe hilo huteka macho, lakini moyo wangu umenasa penye dhahabu iliyolizunguka. Shaba, ikiisha kusubiwa na kuchongwa kwa tindo majani na vichwa vya kondoo, husafishwa kwa tindikali. Dhahabu safi huyeyushwa ndani ya zebaki, ikawa rojo laini kama siagi, ikapakwa juu ya shaba. Kisha kipande huwekwa juu ya makaa, na fundi, akikigeuza na kukipiga brashi pasi na kukoma, huinama akingoja weupe wa fedha ugeuke unjano, zebaki ikipaa mvuke mbele ya uso wake. Panapotakiwa mng'aro husuguliwa kwa akiki. Pengine pote huachwa pamefifia, na tofauti ya hayo mawili ndiyo roho ya kazi.

Mvuke ule ni sumu, na jambo hilo halikuwa siri: Benvenuto Cellini, sonara wa Florence, alikwisha kuandika mwaka 1568 kwamba mabingwa waijue kazi hii ila wawaachie wengine waitende, kwa kuwa watendaji wake hawaishi miaka mingi.

Boulton alikuwa mnyenyekevu kwa namna yake. Mwaka 1772 alimweleza Bibi Elizabeth Montagu kwamba yeye hadai kubuni pambo lolote jipya, bali huyafuata mapambo ya Wagiriki na kuyapanga upya, kwa kuwa ndivyo zama zipendavyo. Namsadiki. Lakini unyenyekevu huo ulifika hadi penye makaa? Aliyeinama pale alipewa ujira gani kwa pumzi yake, na mkewe aliandikiwa nini? Mwaka 1840, katika Birmingham ile ile, jamaa wa Elkington walipata hataza ya kupaka dhahabu kwa umeme.