Je, Wajua? Mastodon na Kadi Iliyofutika

Mastodon ni mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka zamani. Ni pia mtandao wa kijamii ulioanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko wa Ujerumani, usio na kampuni moja inayoumiliki wote. Seva zake ni maelfu, kila moja na mwenyewe na kanuni zake, na huandikiana kama barua pepe. Kijana wa Butembo anaweza kuwasha yake nyuma ya duka, mradi apate umeme na intaneti visivyokatika. Hapo ndipo penye kazi.

Sasa sheria za umri wa watumiaji wa mitandao zimewafikia wenye seva hawa. Jimbo la Mississippi, Marekani, lilitaka umri wa kila mtumiaji uhakikiwe, faini ikifika dola 10,000 kwa kila mtu. Agosti 2025, Bluesky, mtandao mwingine wa aina hiyo, ukazima programu yake jimboni humo. Lakini programu za watu wengine zinazotumia itifaki ya Bluesky hazikuguswa na uamuzi huo. Mastodon ulisema hauna njia ya kutii. Tangu toleo la 4.4 mwenye seva anaweza kuweka umri wa chini na kumwuliza anayejiandikisha alizaliwa lini, ila jibu halihifadhiwi. Anayetaka kudanganya atadanganya tu.

Na anayetaka kusema kweli, hapa kwetu Kongo, ataonyesha nini? Mwombe mtu wa Beni kitambulisho, atakutolea kadi ya mpiga kura. Ndiyo aliyosajilia laini ya simu, ndiyo anayowaonyesha askari kizuizini. Kitambulisho cha taifa, ambacho Rais Tshisekedi alikabidhiwa cha kwanza Juni 2023, wengi hawajakiona. Kadi zenyewe za uchaguzi wa 2023 nyingi zilifutika maandishi na picha, hadi tume ya uchaguzi, CENI, ikalazimika kutoa nakala mpya. Mama aliyekimbia mashambulizi ya waasi wa ADF akaacha kadi ndani ya nyumba iliyoteketea, ana miaka 40 na wajukuu, lakini mbele ya seva inayodai uthibitisho hana tofauti na mtoto wa miaka 12.

Kongo ina Kanuni ya Kidijitali tangu Machi 2023. Wabunge wakitamani kuiga Mississippi, waanze kwa kuwapa watu wa Beni kadi isiyofutika.